Ngoja Kwanza Akuitikie

Naikumbuka siku moja ya utoto wetu kule Muyama, mwanangu, mimi Butoyi na pacha wangu Bukuru. Mama yetu Sabina alinituma nimwite Bukuru, aliyekuwa akipalilia maharage kilima cha pili. Nikapaza sauti, nikamwaga ujumbe wote palepale, nikarudi zangu jikoni. Bukuru hakuja.

"Aliitika?" Mama akauliza.

Nikasema sikungoja.

"Basi umeongea na bonde. Rudi. Mwite jina, nyamaza, akisema 'ee' ndipo useme."

Nilirudi nimenuna, nikaita. Ee ya Bukuru ikavuka bonde, ndefu, kama anaivuta kwa kamba. Ninaitamani sauti ile mpaka leo, nikichambua maharage peke yangu.

Bukuru aliolewa ng'ambo, Burundi. Mjukuu wangu Yolanda alipoolewa hapa Kasulu mwaka jana, dada hakuweza tena safari. Hata kukaa alikalishwa kwa mito. Na kwetu pacha habariki bi harusi peke yake mwenzake angali hai. Ndipo mjukuu wangu mwingine, Chiza, mpiga video za harusi, akasema, "Bibi, nitawakutanisha kwa simu."

Kamera yake haina waya. Inarusha picha hewani, kisanduku chenye antena mbili kinaipokea, kinaipeleka kwenye kompyuta, halafu mtandaoni mpaka Burundi. Nikapewa kipaza sauti, nikabariki kwa machozi, vigelegele vikapigwa. Kisha Consolata, binti wa Bukuru, akapiga simu: "Chiza, mbona huku giza tupu? Mama anauliza mtaanza saa ngapi."

Kumbe kisanduku kilibaki na mipangilio ya kamera aliyotumia harusi iliyopita. Ukubwa wa picha mwingine, kasi nyingine.

"Hukuangalia?" nikamuuliza.

"Niliona taa ya kijani, Bibi, nikajua imekubali."

"Taa imekubali. Bukuru je?"

Consolata akasema mama yake anaanza kusinzia. MC naye, Filbert, akasema wali unapoa. Nikamwambia atangulie kuula yeye. Chiza akaingia kwenye menyu ya kisanduku, akaweka ukubwa wa picha sawa na wa kamera, na kasi ya picha ishirini na tano kwa sekunde, huku na huku. Safari hii hakunipa kipaza sauti upesi. Alishika simu kwanza.

"Shangazi, mnaona?"

"Tunamwona Bibi Butoyi, kilemba kimekaa upande."

Nikaita, "Bukuru." Nikanyamaza, na ukumbi wote ukanyamaza nami. Baada ya kitambo ikaja kwenye simu ya Chiza, nyembamba, imechoka, lakini ndefu vilevile.

"Eee."

Ndipo nikabariki, naye akamalizia.

Tulimpoteza kabla ya mvua za kwanza. Jioni nyingine natoka uani, natazama upande wa Burundi, namwita, nanyamaza.

Basi mwanangu, wewe unayeshika mitambo ya shughuli za watu: kabla watu hawajakaa, linganisha kisanduku na kamera, ukubwa wa picha na kasi yake, kisha muulize yule anayetazama mwisho kabisa kama anaona. Usiridhike na taa. Na hata usiposhika mtambo wowote, ukiwa na neno la moyoni kwa mtu wako, mwite, umngoje, umwambie angali anaitika.

Mungu akupe wa kumwita, mwanangu, na akujalie usikie ee yake.