Miaka Minane Niliyojiongezea

Iko asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata mahali nilipoweka miwani. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya wakala wa bima hapa Isiolo, na nilidanganya bila kusema uongo hata mmoja. Nakusimulia kwa sababu nasikia na wewe unafunga mzigo kwenda kuendesha magari nchi za watu. Huko watakuuliza mengi, na si yote utakayotaka kuyajibu.

Ilikuwa miaka ya sabini, serikali ya Habeshi, Ethiopia ya leo, imepinduliwa na nchi imechafuka. Nilivuka Moyale kwa miguu, nikadandia lori la ng'ombe mpaka Isiolo. Mali yangu yote ilikuwa shuka moja na leseni ya udereva iliyoandikwa Kiamhari. Mgeni ni kuku mweupe, wahenga walisema. Kila nilipopita watu waligeuka. Aliyenipokea ni Mama Halima wa Kiwanjani, mjane wa msafirishaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu. Babu yake naye alikuja huku mgeni, askari wa mkoloni, akabaki. Pengine ndiyo sababu hakuwaogopa wageni.

Usiku wa kwanza aliniuliza umri. Nikasema ishirini na tatu. "Basi umezaliwa mwaka mmoja na mwanangu Hassan," akasema, akaniwekea chai nyingine.

Marehemu mumewe alimwachia Landrova iliyokuwa imelala uani karibu mwaka mzima kwa kukosa dereva. Tulikubaliana niiendeshe, nipeleke unga na sukari Kipsing. Lakini gari bila bima haligusi barabara, na bima ilitaka kumjua dereva. Ndivyo tulivyofika kwa Bwana Kirimi, wakala, katika chumba kidogo nyuma ya duka la vitambaa.

Bwana Kirimi aliigeuza leseni yangu juu chini. "Haya maandishi nitayasoma vipi?" akauliza. "Hebu nisomee wewe. Umezaliwa mwaka gani? Leseni ulipewa lini?"

Sasa sikiliza vizuri, mwanangu. Kalenda ya kwetu iko nyuma ya hii ya hapa kwa miaka saba, minane. Ukiusoma mwaka wa kule kwa hesabu ya Kenya bila kuugeuza, unamzeesha mtu. Nilikuwa nimeshasikia kwamba kampuni za bima huwakataa madereva vijana, hasa wageni. Nikasoma miaka kama ilivyoandikwa, nikafunga mdomo.

Bwana Kirimi akapiga hesabu pembeni ya karatasi. "Miaka thelathini na moja. Na udereva wa miaka kumi! Mbona una uso wa kijana?"

"Ni maziwa ya ngamia," nikasema. Akacheka, akajaza fomu, nikatia sahihi. Mama Halima hakucheka.

Tulipotoka aliketi barazani, akapanga buibui yake magotini. "Hassan wangu ana miaka ishirini na tatu," akasema. "Wewe uliniambia una umri huohuo. Leo umemzidi miaka minane. Ulimpitia wapi?"

"Sikudanganya, mama. Leseni ndivyo inavyosema."

"Leseni inasema ya kwao. Mwenye mdomo wa kuieleza ulikuwa wewe." Hakupandisha sauti hata kidogo, laiti angepandisha. "Gari hilo likimvunja mtu mguu, utampelekea kalenda ya Habeshi afungie jeraha?"

Nilisema kazi itanipotea. Akajibu, "Njia ya mwongo ni fupi. Mimi nakungoja hapa. Ukitaka, ingia, ukitaka, tuondoke, lakini ufunguo wa gari nabaki nao mimi."

Ile hatua ya kurudi ndani, mwanangu, ilikuwa ndefu kuliko njia yote ya kutoka Moyale. Nilimweleza Bwana Kirimi kila kitu. Alikunja uso, akaichana fomu vipande viwili. "Unajua ningefutwa kazi?" Kisha udadisi ukamshinda. Akataka kufundishwa ile kalenda. Nilipomwambia ina miezi kumi na mitatu akaweka kalamu chini. "Na mishahara je, mara kumi na tatu?" Nikamwambia huo wa mwisho una siku tano tu. "Afadhali," akasema, "nilitaka kuhamia." Hapo nikahisi kifua changu kimefunguka. Nilikuwa sina kazi, sina bima, na nilipumua kama mtu aliyetua gunia.

Aliandika upya, akaambatanisha barua ya maelezo, akaituma Nairobi. Majibu yalikawia. Yalipofika yalikuwa na masharti mawili: ada iwe ya juu kwa sababu ya ujana wangu, na kwanza nifanye mtihani wa udereva wa Kenya, nipate leseni ya hapa. Moyoni nililalamika. Mimi niliyeendesha malori milimani, nipimwe kwenye vichochoro vya Isiolo!

Siku ya mtihani afisa wa polisi aliketi kando yangu katika gari la shule ya udereva, tukaelekea mtaa wa Chechelesi. Nilienda vizuri mpaka mbuzi walipotoka ghafla kati ya nyumba mbili. Mkono hauulizi kichwa, mwanangu. Kule kwetu magari hupita kulia. Hapa hupita kushoto. Nilipokwepa wale mbuzi, mkono wangu ulilivuta gari kulia, upande wa nyumbani, na upande huo alikuwa anakuja mama mmoja na debe la maji kichwani.

Afisa aliudaka usukani. Debe lilianguka, maji yakamwagika, yule mama akarukia mtaroni. Gari lilisimama. Nilishuka nikamkimbilia. Mama yule alitoka mtaroni mzima kabisa, isipokuwa hasira, akanitukana kwa Kiturkana mpaka akachoka. Sikuelewa neno hata moja, na kila neno nililipokea kama dua, kwa sababu aliyekufa hatukani.

"Umeanguka," afisa akaniambia. Nikamwambia asante. Nadhani alifikiri nimepagawa.

Bwana Kirimi aliposikia alitikisa kichwa. "Kwa ile fomu ya kwanza, ungekuwa barabarani peke yako. Na ungemgonga, kampuni ingeichunguza leseni, isingelipa chochote. Mama Halima angeuza nyumba."

Nilijifunza upya wiki nyingi kwa gari lilelile la shule, alfajiri, barabara ikiwa tupu, kama mtoto anayefundishwa mkono wa kulia na wa kushoto. Mtihani wa pili nilipita. Bahasha ilipofika, Mama Halima mwenyewe aliibandika stika ya bima kwenye kioo, akaisugua kwa ncha ya mtandio isikunjike, akanipa ufunguo bila hotuba. Nilipopeleka sukari Kipsing mara ya kwanza niliimba njia nzima, na sauti yangu, wanaonijua watakwambia, si ya kuimbia watu.

Basi, mwanangu, ajali haina kinga, na bima haizuii ajali. Inazuia tu ajali moja isizae maangamizi ya nyumba nzima. Na hata hiyo haisimami juu ya neno lililofichwa. Ukifika ugenini, usiache karatasi iseme uongo kwa niaba yako huku wewe umenyamaza. Sema umri wako, sema miaka yako ya udereva hata kama ni miwili, na wakikwambia jifunze upya, jifunze. Usione aibu kuanza chini, kawia ufike. Na ukimpata mtu wa kukukemea bila kupiga kelele, shika pindo la nguo yake usiliachie.

Mungu akufungulie milango ya huko uendako, akuwekee wema njiani, akulinde wewe na kila atakayepita mbele ya gari lako. Nenda na nagaa, kama tunavyosema sisi Waborana. Nenda kwa amani, na amani ikurudishe kwetu.