Propela Iliyokataa Kulala

Nakiri: kwa miezi mitatu nilimcheka Mzee Ogola, fundi wetu wa ndege hapa Kisumu, kwa sababu kila jioni aliilaza propela ya mapanga mawili, ncha moja kushoto, nyingine kulia. Nilidhani ni ushirikina. Mimi wa chuo kikuu, ninayehoji kila kitu, hilo sikuuliza.

Propela hiyo ilipogonga mawe ikapinda, nami nikiwa hapo kwa mafunzo tu na nikitaka sana bosi aniajiri kabisa, nilimshawishi kwa kurasa sita za hesabu anunue ya mapanga matatu: ni mafupi, hayagusi mawe.

“Bwana Digrii,” Mzee akasema, “hiyo haitalala.”

Jumamosi, abiria wakisubiri safari, injini ikiwa imefunguliwa kwa matengenezo na mvua ikija kutoka ziwani, tulisukuma pua ya ndege iingie kwenye banda la fundi lenye paa la chini, ambamo propela ya zamani ilipita ikiwa imelazwa. Panga likagonga boriti. Tukazungusha propela. Panga moja likishuka, mawili yanainuka! Nikazungusha tena, nikitokwa jasho.

“Nani alipima?” bosi akauliza.

“Digrii alipima kila kitu,” Mzee akajibu. “Banda ndilo alilosahau.”

Bosi akanipa mwavuli wake. “Funika injini.”

Nikasimama hapo, abiria wote wakinitazama.