Siku Bahari Ilipokauka

Gunia likilowa mvua hutoa harufu nzito, nusu udongo, nusu jasho. Nikiisikia mpaka leo, na mvi zangu hizi, namwona baba amelala mchangani Dar es Salaam.

Baba alikuwa mpakiaji pale mpakani Tunduma. Alibeba mizigo ya wafanyabiashara miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mtu akawa na haraka. Gunia lake la kuwekea begani hakuliacha hata alipokwenda kanisani. Alilikunja akaliweka chini ya benchi. Basi mwaka mmoja akatangaza kwamba anakwenda kuona bahari, na mimi nitafuatana naye.

Mtaa wetu mzima wa Chapwa ulishangaa. Kwetu mtu alipanda treni kwa ajili ya msiba, hospitali au biashara.

"Baba Tito, nani kafariki huko?" jirani akauliza.

"Hakuna. Naenda kutazama maji."

"Maji! Si ungetazama ya kisimani, nauli ukanipa mimi?"

Wenzangu niliwaahidi kwamba ningeogelea. Mama akaweka sharti: nisiguse maji yale mpaka baba anishike mkono.

Treni ilitutikisa mpaka mifupa ikachoka. Tulipofika ufukweni maji yalikuwa yamejaa, yakiguruma karibu na miguu yetu, nami nikang'ang'ania suruali ya baba. Aliyatazama kwa muda. "Kumbe," akasema. Kisha akatandika gunia lake. "Nijinyooshe kidogo, halafu tuingie."

Akalala.

Nilikaa nikimlinda. Jua likapanda. Baba alikoroma mdomo wazi mbele za watu, nikaona aibu. Nilipogeuka kutazama maji, yalikuwa mbali. Nikatazama tena, yamezidi kwenda. Kwetu mto ukikauka haurudi mpaka mvua zianze. Nikamtikisa kwa nguvu zangu zote.

"Baba! Baba, amka, bahari inakauka!"

Mama mmoja aliyeuza mihogo alicheka hadi akashika mbavu. "We mtoto wa bara! Maji yamekupwa tu, jioni yatarudi. Mwache mzee wako apumzike!"

Lakini baba alikuwa ameshainuka, macho mekundu, gunia tayari begani, kama aliyeitwa kupakia lori. Jioni hiyo ya kurudi maji ndipo treni yetu ya kurudi nyumbani ilipokuwa ikiondoka. Tukayafuata juu ya tope mpaka tukachoka, tukaishia kwenye kidimbwi kilichotufika vifundoni. Akanishika mkono, kama mama alivyoagiza. Akachovya kidole, akalamba, akatema.

"Haya. Umeingia baharini."

Nyumbani nilisimulia yote kwa hasira, hasa ule usingizi. Baba akaitwa Mlala Pwani hadi uzeeni. Vijana wa mpakani walimwita hivyo huku wakimtwika mizigo. Hakunikemea hata siku moja.

Nilimaliza sekondari, kazi ya ofisini sikuipata, gunia likahamia begani kwangu. Bega ndilo lililonifundisha. Pale mpakani baba hakuwa na mahali pa kufumba macho mchana, popote alipoketi, sauti ilimfuata: "Mzee, njoo ubebe." Alisafiri hadi nchi kavu inapoishia, akatafuta mahali ambapo hakuna wa kumwita.

Nikamwita mimi.