Gurudumu linalosomwa kwa vidole

Saa mbili asubuhi karakana imeshaamka. Kishindo hapa, mlio kule, harufu ya mafuta na chuma kibichi inapanda puani. Mbele ya mashine kubwa ya kuchonga chuma inayoendeshwa na kompyuta, mwanamke mwenye aproni ya buluu amesimama, macho kayafumba. Mkononi ana kifaa kinachoenea kiganjani, chenye gurudumu dogo. Analizungusha kidogo. Tik.

Ndani ya mashine, meza ya chuma isiyoinulika hata kwa wanaume wanne inasogea sehemu moja ya mia ya milimita. Ukitazama, utaapa kwamba hakuna kilichotokea.

"Umeona kitu?" anauliza. Hapana. "Hata mimi. Lakini kidole kimejua."

Wenzake humwita Fundi Vidole, na jina limemkaa. Kazi yake ni kubuni vifaa hivi vya mkono. Kompyuta huchonga yenyewe, ila kabla ya kuanza lazima mtu asogeze mashine polepole mpaka kisu kiguse chuma mahali panapotakiwa. Akikosea hapo, kisu kinavunjika na kazi yote inakwenda na maji.

Alianzia kwenye redio mbovu za majirani. Aliyemvuta kwenye chuma ni kaka yake, mwendeshaji wa mashine hiihii. Yeye alifunga nyaya, kaka akachonga. Walikuwa chanda na pete.

Kisha kisukari kikaanza kula macho ya kaka. Namba za kwenye skrini zikawa ukungu. Asubuhi moja alitaka kisu kishuke unywele tu, kumbe kwenye swichi alikuwa amechagua hatua kubwa ya kusogeza. Kisu kikashuka kama mwewe, kikapasuka, vipande vikagonga kioo cha kinga. Hakuna aliyeumia. Kaka akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiacha juu ya kiti.

"Nikamuuliza, kaka, unakwenda wapi? Akanijibu, 'Mdogo wangu, mashine haimtaki kipofu.' Maneno yale yalinikata maini."

Msimamizi akamhamishia stoo, kwa huruma zaidi kuliko kwa haja. Huko, mtu aliyewahi kuchonga gia za kinu kizima akawa anapanga ndoo za misumari.

Dada mtu hakukubali. Kila jioni alimwekea kaka vitu mezani: vifuniko vya chupa, vifundo vya redio kuukuu. Alimwambia avizungushe, naye akatazama vidole vile vikipima na kuamua.

Kifaa cha kwanza alichomtengenezea kilihesabu mlio mmoja wa gurudumu mara mbili, mashine ikaruka maradufu. Cha pili kilikuwa kizito. Kaka alikipima mkononi akaangua kicheko. "Hiki kidhibiti au pasi ya mkaa?"

Cha tatu ndicho hiki. Ukichagua hatua ndogo, gurudumu linapita laini kama ukucha kwenye kitambaa. Ukichagua kubwa, linagoma, linataka nguvu. Mkono unaonywa kabla mashine haijasogea. Chini yake kuna kishikio: ukikiachia, kila kitu kinasimama.

Siku ya kukijaribu, karakana nzima iliacha kazi. Msimamizi alisimama mkono juu ya kitufe chekundu cha kuzimia mashine. Kisu kikiwa hakizunguki, kaka akaweka karatasi nyembamba kati ya kisu na chuma. Mkono wa kushoto ukawa unaisogeza karatasi mbele na nyuma, wa kulia uko kwenye gurudumu. Tik. Karatasi inateleza. Tik. Bado inateleza. Tik.

"Imeshika," kaka akasema.

Msimamizi akainama na kipimo. Akapima tena. Akamwita mwingine naye apime. Kisha akauondoa mkono kwenye kitufe.

"Mzee," alisema, "vaa aproni yako."

Fundi Vidole anaikumbuka vizuri siku hiyo. "Nilidhani nimetengeneza kifaa. Kumbe nilikuwa naona binadamu akisikia kwa ncha ya kidole kitu ambacho jicho halikuumbiwa kukiona. Mwili ulinisisimka. Mpaka leo unanisisimka."

Kaka, ambaye hatua chache kutoka hapo anafunga chuma kingine mezani, anadakia. "Nyumbani natafuta chumvi, nashika sukari. Wewe niletee chuma tu!"

Juu ya meza ya Fundi Vidole sasa kuna kibonge cha udongo wa mfinyanzi chenye alama za mkono wa vidole vitatu. Mkono huo ni wa mama mmoja kutoka karakana nyingine, aliyepoteza viwili kwenye mashine ya kukata mabati. Alikuja wiki iliyopita, akauficha mkono ndani ya kitenge mpaka alipoombwa autoe.

"Sikumwahidi kitu," anasema. "Nilimwambia, dada, niazime mkono wako niusome. Akaufinya udongo, akalia, akaufinya tena."

Anachukua kipande cha plastiki, anakilinganisha na alama za udongo, anakipiga tupa kidogo. Mwezi ujao anatarajia mama huyo aje kukijaribu.

"Ninachotaka ni hiki: mtu asirudishwe nyumbani kwa sababu kifaa kiliundwa kwa ajili ya mkono wa mwenzake."