Niliziba Matundu ya Pikapu ya Baba

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu kwetu Izigo kila mtu anaamini ni la kaka yangu, na mimi nimewaacha waamini hivyo.

Baba alipofariki, kibanja, yaani nyumba na shamba la migomba, kilikwenda kwa kaka kama ilivyo desturi, maana yeye ndiye omusika, mrithi wa mji. Lakini ufunguo wa pikapu Baba alikuwa amenikabidhi mimi, binti, mbele ya wazee wa ukoo. Wapo walioguna. Baba mdogo aliniambia waziwazi, "Gari halitunzwi na mwanamke. Tutaona." Maneno hayo yalinikaa rohoni. Nina hasira za karibu, nakiri.

Naishi Bukoba mjini, na mvua ya huku haina likizo. Nilipoona kutu imeanza chini ya pikapu, nikaipeleka kwa fundi ipakwe ile rangi nzito nyeusi ya kuzuia kutu. Misa ya kumbukumbu ya Baba ilikuwa imekaribia, nami nilitaka baba mdogo ainame, achungulie, anyamaze.

Fundi akasema kutu ikwanguliwe kwanza, halafu gari likae juani likauke. Jua lipi, Bukoba, mwezi wa nne? Nikamwambia apake hivyo hivyo. Kisha nikaona vitundu kwenye chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, na chini ya milango vinadondosha maji, nikaagiza navyo vizibwe.

"Dada, hivyo vimewekwa ili maji yatoke."

"Gari ni la nani? Ziba."

Akaziba. Siku ya misa baba mdogo aliinama kweli, akachungulia, akanyamaza. Jamani, nilijisikia vizuri mno siku ile!

Kumbe nilikuwa nimeyafungia maji ndani. Ukitazama chini unaona weusi mtupu, safi kabisa, na nyuma ya weusi huo chuma kinaoza. Mimi nikawa natamba nayo mjini, sina habari.

Mwaka jana kaka aliiazima kupeleka ndizi kwenye harusi Muleba, mama akiwa amekaa mbele. Kwenye mteremko chesisi ikakatika, gari likaingia mtaroni. Mama alivunjika nyonga. Hadi leo hatembei bila kushikwa.

Ukoo mzima ukasema kaka alizidisha mzigo. Mama akasema hataki kumwona. Kaka akaondoka kwenye kibanja chake mwenyewe, akaenda kuishi Rubafu kwa wakwe zake.

Mimi nilikwenda kuitazama ile pikapu. Nikabandua rangi kwa kucha, chuma kikatoka nayo vipande vipande, maji ya kutu yakanimwagikia mkononi. Nilijua papo hapo. Baba mdogo alikuwa amesimama pembeni, akaniuliza nimeona nini. Nikasema sijaona kitu.

Kila Jumapili nakwenda Izigo kumwogesha mama. Natoka nyumbani nimejiandaa kusema, nikifika nachemsha maji, namwogesha, narudi mjini sijasema. Nikisema, baba mdogo atapata alichokuwa anakingoja, na mama atanifukuza. Nani atamwogesha? Nisiposema, kaka anazidi kukonda. Sijui nitokee wapi.

Juzi kaka alikuja kwangu mjini. Hakutaka hata kukaa.

"Waitu dada, nakusihi, wewe mama anakusikiliza," akasema. "Niombee msamaha. Mwambie nilikosea kuzidisha mikungu."

Palepale ndipo ningesema. Alikuwa mbele yangu, tuko wawili tu. Nikamjibu kuwa nitamwombea.

Wewe unayesoma, fundi akikuambia acha pakauke, acha pakauke. Usipake rangi juu ya kutu kwa haraka ya kuwafunga watu midomo. Na kama umeshakosea, sema siku ileile, kabla mwenzako hajaizoea hatia yako. Mimi Jumapili iliyofuata nilimwombea kaka msamaha kweli. Mama amemsamehe, na kaka amenipigia simu kunishukuru huku analia.