Kidole cha Mwisho

Nakumbuka alasiri moja pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mwanangu, nimekaa barazani kwa Mama Noella na gita mapajani, vidole vinaniuma na moyo unauma zaidi. Nilikuwa kijana. Vita vya Kongo vilikuwa vimetutoa kwetu Fizi, na kati ya watu wote wa nyumbani kwetu tuliofika Malawi ni mimi na mdogo wangu Riziki tu. Njiani, tukishuka kwenye lori, mlango wake wa nyuma ulinibana mkono wa kushoto. Mfupa uliunga, lakini kidole cha mwisho kilibaki kigumu, kinasita kama mbuzi mbele ya maji.

Mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi, wewe unajua. Nami tangu nyumbani nilikuwa mpiga solo wa kwaya. Kambini nikapewa gita la kanisa, lenye uzi mmoja uliochomolewa kwenye breki ya baiskeli, nikaendelea kupiga bila kidole kile. Kila mahali kilipohitajika nilipita mbio, nikamwaga sauti nyingi, watu wakashangilia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kijana husikia methali kama asikiavyo mvua ya kijiji kingine.

Riziki hakudanganyika. Alipochumbiwa na muuza nguo mmoja wa Kawale, kule Lilongwe, alikuja akaketi karibu yangu akichambua maharage.

"Yaya," akaniambia, kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, "siku ya ndoa utanipigia ile wimbo ya baba?"

"Nitakupigia."

"Lakini yote. We unarukaka pale inapanda. Na pale njo namsikiaka baba."

Nilijua anasema kweli: ndipo hapo baba anaposikika. Baba alikuwa akiuimba wimbo ule akilima mihogo, na katikati yake sauti ilipanda, ikakaa juu kidogo kama mtu anayetazama bonde, kisha ikashuka taratibu. Pale palitaka kidole cha mwisho. Na baba, mwanangu, hatukuwa na kaburi lake wala picha yake. Tulikuwa na wimbo ule.

Ndipo nikaenda kwa Mama Noella. Alikuwa Mrundi, mjane, fundi wa kushona, na zamani kwao alipiga gita kanisani hadi ndoa na watoto vilipomtoa. Aliushika mkono wangu, akakikunja kidole kile polepole, akaniuliza kinauma wapi. Kisha akanipa zoezi: vidole vinne, kila kimoja na chumba chake kati ya vyuma vya shingo ya gita, vishuke kimoja baada ya kingine, kutoka uzi mnene hadi mwembamba na kurudi, na kidole kilichotua kisiinuke mpaka mwenzake afike. Ukilisikia ni jambo la mtoto. Lijaribu sasa hivi uone.

Alikuwa akishona sketi za watu, nami nilipaswa kufuata mwendo wa mguu wake juu ya cherehani. Kila akikanyaga, sauti moja. Lakini nilimtangulia. Kila mara nilimtangulia. Alasiri ile akasimamisha cherehani.

"Mwana wanje, mbona unakimbia?" akauliza, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwao.

"Wimbo wenyewe una kasi, mama."

"Siulizi wimbo, nakuuliza wewe. Unatembea unakimbia, unakula nsima, ugali wao huu, unakimbia. Hapa hakuna anayekufukuza."

Nililia, mwanangu. Nililia pale pale barazani, mchana, watu wakipita na ndoo zao za maji. Hakuninyamazisha. Alingoja nimalize, kisha akakanyaga cherehani polepole sana, kama mtu anayemtembeza mgonjwa, nami nikaanza upya.

Tuliendelea hivyo mvua zote, mpaka mahindi yakavunwa. Kidole kilitoa sauti ya nzi ndani ya kopo. Nilipotaka kuifunika kwa mbwembwe zangu alinizuia. "Iache isikike," alisema. "Kidole chako si kibaya, kimechelewa tu kufika." Kilipouma kwa kweli aliniamuru nipumzike, akakikanda kwa maji ya moto. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Siku sauti ilipotoka safi alikuwa na pini mdomoni, akaniitikia kwa kichwa tu, akaendelea kushona.

Siku ya ndoa tulipanda minibasi kwenda Lilongwe, Mama Noella amelipakata gita. Tulipopita Kanengo, penye maghala ya tumbaku, harufu yake ikatuingia puani, naye akaniambia nikunje na kukunjua vidole. Kule Kawale, uani kwa wakwe, Riziki alitoka na mumewe nami nikaanza. Wimbo ulipofika pale unapopanda sikuukimbilia. Kidole kilikwenda, kikatua, sauti ikakaa.

Riziki akasimama katikati ya njia. Mumewe hakuelewa, lakini alisimama naye, akamshika mkono. Kisha mdogo wangu akafungua mdomo akaimba, akiipandisha sauti vile vile alivyoipandisha baba, na kuishusha vile vile.

Baadaye Mama Noella alinisogelea. "Umechelewa kidogo," akasema, akicheka. Alisema kweli: kwa mara ya kwanza sikuwa nimemtangulia mtu.

Basi, mwanangu mwenye gita, nakuusia. Usiwe na haraka na zoezi gumu. Lipige polepole mpaka sikio lako lisione aibu, ndipo uongeze mwendo. Usikifiche kidole kilicho dhaifu nyuma ya vilivyo hodari. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vitatu havimalizi wimbo. Mkono ukiuma, upumzishe, kwani mkono ni mwili wako, si adui wako. Na moyo ukiwa na mbio zake, kaa nao kwanza, maana hizo nazo husikika kwenye nyuzi.

Mungu akulainishie vidole, akutulizie moyo. Akujalie mtu wa kukaa nawe wakati sauti yako bado ni mbaya, na siku moja akufanye wewe kuwa mtu huyo kwa mwingine. Amina.