Mama na Mtihani wa Kusikiliza

Juzi, hapa Voi, nilimwona muuguzi kijana amekaa nje ya wodi na vipokea sauti masikioni, akifuatisha Kiingereza kwa midomo tu. Nikamkumbuka mama.

Tuliishi Maungu, karibu na barabara kuu. Mama alikuwa muuguzi, na alitaka kwenda kufanya kazi Uingereza. Alasiri moja alirudi akinuka dawa ya hospitali, akaketi kitandani bila kuvua viatu, akamwambia shangazi, "Nimeanguka tena ule mtihani wa Kiingereza. Kuandika nimepita, kuongea nimepita. Ni kusikiliza tu."

Mimi nikaelewa kwamba mama anaanza kuwa kiziwi.

Alifunga madirisha kwa sababu ya malori, chumba kikawa na joto kama jikoni, akaiweka simu gotini. Ndani ya simu Mzungu mmoja alikuwa akieleza njia ya kwenda maktaba. Mama alirudisha nyuma, akasikiliza, akarudisha tena. Lori likipita, alifumba macho na kungoja.

Nilimsogelea, nikapiga kelele sikioni mwake, "Mama! Unanisikia?"

Alishtuka, kisha akanivuta kifuani. "Nakusikia, mwanangu," alisema kwa sauti ya kuchoka. "Wewe nakusikia vizuri. Ni hawa wanaongea haraka."

Nilifurahi mno. Tulipoomba kabla ya chakula, nilimsihi Mungu awafanye Wazungu waongee polepole. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mama akishawaelewa, ataondoka.

Mtihani uliofuata alipita.